Barua kwa mwanangu: ile nyumba ya baraza haipo tena

Mwanangu mpenzi,

Huku wote wazima, dagaa wako nitampa mtu wa basi Ijumaa. Ila leo nakuandikia maana nikikupigia nitalia tu.

Ile nyumba ya hapa Mwanza mjini wameibomoa, ile babu yako alikuwa anaweka cherehani yake barazani. Jumatatu nilipita nikaona mabati yamezungushwa nikajua wanapaka rangi, Alhamisi natoka sokoni nakuta kijiko kimepanda juu ya kifusi, nguzo zote chini, na pale juu palipokuwa na mwaka wa kujengwa na maua ya saruji pamepasukapasuka vipande vinapakiwa kwenye lori.

Wewe umeikuta imeshachakaa. Babu yako hakukodi chumba pale, alikodi baraza. Mhindi anauza vitambaa ndani, mteja akishalipia anatoka nje anapimwa hapohapo, jioni cherehani inaingizwa dukani inalala humo. Mvua ya ziwani ikishuka ghafla mtaa mzima unajibanza pale, mimi mdogo nakaa chini ya meza naokota vifungo. Kuta nene hatari, jua la saa nane nje lakini ndani kumepoa bila feni. Chini duka, juu wanalala, nyuma uani stoo na jiko.

Pamba ndo ilijenga nyumba zile. Wajerumani walianzisha mji 1892 lakini reli ya kutoka Tabora ilipofika hapa 1928 pamba ya Usukuma ikapata njia ya moja kwa moja mpaka bandarini Dar, hela ikaingia, wenye maduka wakaanza kupandisha ghorofa. Alafu 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, yale ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yakaenda kwa Msajili wa Majumba, yaani ofisi ya serikali, na 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Yule mwenye duka akaondoka na familia yake, akamwachia babu yako mkasi wake wa kukatia. Ninao mpaka leo na bado unakata.

Uliniuliza likizo ile kwanini serikali haizuii nyumba hizi za zamani kubomolewa. Nimemuuliza mtu anayejua, kaniambia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Sasa mji wetu umeanza 1892, ghorofa gani la hapa litafikisha? Labda waziri alitangaze lenyewe kwa jina.

Mwenye kiwanja simchukii, palikuwa na maduka mawili na yeye anataka fremu ishirini, ana watoto wa kusomesha kama mimi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyeipima, hakuna ramani, picha nzuri hakuna, sisi wenyewe tuna moja tu ya babu yako na nyumba imeonekana nusu nguzo.

Wewe unasoma mambo ya majengo. Desemba njoo na futi ndefu na wenzako wawili, zimebaki nyumba mbili kule karibu na Makoroboi zina baraza kabisa na ngazi ya mbao, nimeshaongea na mama mwenye duka kakubali mwingie mpaka juu. Chakula chenu juu yangu.

Nimeokota kipande kimoja cha saruji kwenye kifusi, kina namba 9. Kiko chini ya kitanda chako, usije ukakitupa.

Mama yako