Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa Wana Usharika na Watoto Wetu Walioko Mbali

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe!

Kwa niaba ya wazee wa kanisa, wainjilisti wa mitaa yetu yote, viongozi wa vikundi pamoja na familia yangu, nawasalimu kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo aliyezaliwa Bethlehemu. Nawasalimu mlioko nyumbani. Nawasalimu pia ninyi watoto wetu mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Geita, Kampala na ng'ambo, mliofanikiwa kuja na mlioshindwa na nauli. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha.

Kufika kwenyewe si haba. Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, umeingia vibanjani mwetu, kwenye mashamba ya nyumbani. Mtu anakata mkungu aliousubiri kwa miezi, anapasua ndizi moja, anakuta ndani imekuwa kahawia, anachukua panga lake na kurudi ndani bila kusema neno. Mama aliyezoea kununua mafuta ya kula kwa lita sasa anapimiwa kwa kikombe. Kilo moja ya sukari inagawanywa nyumba mbili. Hata senene, wale panzi wetu wa kuliwa, mwaka huu walituonjesha tu, wakapita. Kahawa ilipata bei, tumshukuru Mungu, lakini walioifaidi bei hiyo si wote waliopalilia. Hilo nitalirudia.

Salamu hizi huziandika kila mwaka, na maneno yake mengi mnayajua kabla hamjayasoma. Mwaka huu kalamu imekuwa nzito kwa sababu ya yule tuliyemzika mwezi wa nane, mwinjilisti wetu mstaafu, ambaye wengi wetu tulimwita Mwalimu hadi siku anaingia kaburini. Hakuwahi kuvaa kola ya uchungaji. Hakuwahi kuwa mjumbe wa halmashauri yoyote ya juu. Lakini hesabuni wenyewe: ni nyumba ngapi katika usharika huu ambazo baba au mama alifundishwa kuomba na mzee yule?

Mimi alinichukua nikiwa na miaka kumi na sita, wiki chache baada ya Kipaimara. Hakuniambia kwamba ananifundisha. Alinikuta barabarani akasema, "Panda." Nyuma ya baiskeli yake alikuwa amefunga gunia lililokunjwa mara nne, ili anayebebwa asiumizwe na vyuma vya keria. Kwa miaka miwili, karibu kila Jumamosi, nilikaa juu ya gunia lile. Tulikwenda kwa wagonjwa, kwenye matanga, kwa watu waliokuwa wameacha kanisa. Mara nyingi alichofanya ni kukaa. Alikuwa anaweza kukaa kwa mgonjwa saa nzima na maneno yake yote yakaenea kwenye kiganja.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi alinipeleka kwa jirani ambaye walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa kibanja. Mimi nilidhani tunakwenda kumhubiria. Mwalimu alisimama uani, akavua kofia, akasema, "Nimekuja kuomba msamaha. Niliyoyasema juu yako mbele ya watu hayakuwa kweli. Kesho natakiwa kusimama mezani pa Bwana, siwezi." Yule mzee alinyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kuangalia chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akakisogeza. Wazee wawili wakatafuna kahawa, kimya, jua likishuka nyuma ya migomba. Baadaye nilikwenda chuo cha theolojia, nikasoma juu ya toba kwa muhula mzima na kufaulu mtihani. Lakini toba niliyoiona kwa macho yangu ni ile ya uani.

Mwalimu naye alikuwa ameonyeshwa. Alilelewa na wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki, wale waliotembea nuruni, yaani walioungama dhambi zao waziwazi. Alipenda kusimulia jinsi mwaka 1929, kule Namirembe, Kampala, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walivyokaa pamoja na Biblia, mtu mweusi na mtu mweupe, kila mmoja akiungama njaa yake ya kiroho mbele ya mwenzake. Nsibambi hakuwahi kuwekwa wakfu kuwa mchungaji. Alizungumza na watu uso kwa uso, mmoja mmoja, na ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha na kuhubiri, akafariki mwaka 1936 akiwa bado kijana. Moto ule ukavuka mipaka, ukaja Karagwe na Bukoba, ukaingia jikoni kwa bibi zetu. Haukuja kwa semina. Mtu alirudisha jembe aliloiba, jirani yake akauliza kulikoni.

Katika shule hiyohiyo alikuzwa Askofu Josiah Kibira, mtoto wa huku kwetu Bukoba. Mwaka 1964 alipokea uaskofu kutoka kwa Bengt Sundkler, askofu Mswidi aliyemtangulia, na mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Mwaka uleule, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, naye mtoto wa uamsho, aliuawa kwa sababu aliukabili utawala wa Idi Amin kwa ukweli. Wazee wa Kyaka, mliokimbia majeshi ya Amin mwaka uliofuata, utawala ule hamhitaji kusimuliwa. Ninachotaka mkione ni hiki: watu hawa walikuwa na mtu aliyewashika mkono kwanza, katika kundi dogo ambamo dhambi ilitajwa kwa jina lake na msamaha ukatamkwa kwa sauti.

Na si ndiyo Krismasi yenyewe? "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Mungu alikuwa na manabii wa kutosha, angeweza kuongeza mwingine. Akaja mwenyewe, akazaliwa mahali penye harufu ya ng'ombe, akakua kwa fundi seremala, akajifunza kushika randa. Na alipoanza kazi, Marko anatuambia aliwaweka watu kumi na wawili wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri. Angalieni mpangilio huo, wapendwa. Kuwa pamoja naye kumetangulia, kutumwa kukafuata. Walimwona akichoka. Walimwona akilala chomboni. Walimwona akilia kaburini kwa rafiki. Ndiyo maana Paulo naye aliweza kuwaandikia Wakorintho bila kuona haya, "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo." Ni nani kati yetu viongozi anayeweza kusema maneno hayo leo, mbele ya mke wake, au mbele ya kijana anayemfanyia kazi kibanjani?

Nasema na ninyi wazee wa kanisa, nami nikiwemo. Mwaka huu nimeketi na mjane aliyeuza kahawa yake butura, ikiwa bado maua, ili mtoto apate sare ya shule. Kahawa ilipoiva na bei ikapanda, gunia zikaondoka uani kwake huku yeye akiziangalia. Aliyezinunua ni mtu anayepita na kapu la sadaka Jumapili. Simtaji, na nimeongea naye, na ninamwombea. Lakini jueni kwamba watoto wa mjane yule walikuwepo. Somo walilopata siku ile kuhusu kanisa litadumu kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka. Tutahubirije Mfalme aliyezaliwa maskini huku tunanunua maua ya kahawa ya maskini? Mwenye butura ya jirani mkononi, nakusihi kwa ajili ya Mtoto wa Bethlehemu, irudishe kabla ya mkesha. Rudisha hata nusu. Nenda uani kwake, vua kofia.

Nasema na walimu wa Kipaimara. Mtoto akariri Amri Kumi, vema, lakini ajue pia nyumbani kwako kukoje. Mwite aje akusaidie kuvuna maharage, ale kwako, aone mnavyoomba sukari ikiwa imekwisha. Nasema na akina mama wa umoja wetu: mchukueni binti mmoja mmoja, aliyezalia nyumbani hasa, yule ambaye sisi wanaume tumemtenga upesi na kumrudisha polepole. Nasema na ninyi kina baba mliorudi kutoka mjini na magari: watoto wenu wamewaona kwenye simu mwaka mzima. Siku hizi chache msizimalizie barazani kwenye vinywaji. Nendeni nao kibanjani, muwaonyeshe kaburi la babu yao, muwaambie aliomba vipi. Petro aliwaandikia wazee wawe vielelezo kwa kundi, wala wasijifanye mabwana. Kielelezo huonekana. Kondoo hawaongozwi kwa kipaza sauti.

Na sasa niseme langu, maana siwezi kuwahimiza ninyi nikajificha nyuma ya joho.

Mwalimu alipozidiwa, alituma mjukuu wake kwangu siku ya Jumanne. Nilikuwa na kikao cha ujenzi. Nikamwambia kijana, "Mwambie babu nakuja." Jumatano tukawa na mgeni kutoka dayosisi. Alhamisi asubuhi nikawasha pikipiki, na kabla sijafika kwenye mgomba wa kwanza wa kibanja chake nikasikia kilio. Mzee aliyekaa saa nyingi kando ya vitanda vya watu, mimi nilishindwa kukaa kando ya kitanda chake. Nilipoingia uani niliiona ile baiskeli imeegemezwa ukuta wa jikoni, matairi hayana upepo, na nyuma gunia bado limefungwa, limekunjwa mara nne. Sikuweza kusoma liturujia ya maziko hadi mwisho, mlioshuhudia mnajua. Mchungaji wa jirani alinipokea kitabu.

Tangu siku ile nimepunguza vikao. Wapo walionung'unika, nawaelewa, jengo letu halijapauliwa. Lakini kila Jumamosi natembea na vijana wawili wa Kipaimara, zamu kwa zamu, tunakwenda kwa wagonjwa. Wa kwanza aliniuliza, "Mchungaji, nikifika niseme nini?" Nikamwambia achukue kigoda.

Basi, wapendwa, nawatakieni nyote heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka tele. Mungu awajalie afya njema, amani majumbani mwenu, riziki ya halali na mvua kwa wakati wake. Waliofiwa wafarijiwe, wagonjwa wapokee uponyaji, wanafunzi wafaulu, wasafiri wafike salama, walioko vizuizini wakumbukwe. Walio mbali na Bwana warudi. Mkono wa Mungu uwe juu ya viongozi wa kanisa na wa taifa letu. Amina.

Mwisho, tangazo. Siku ya pili ya Krismasi, baada ya ibada, tutakwenda kwa mjane wa Mwalimu. Migomba yake imeshikwa na mnyauko na mashina yaliyoathirika yanapaswa kung'olewa na kufukiwa. Tunaondoka mlangoni pa kanisa saa sita, kwa miguu. Aje mkubwa na mdogo, na mzee wa kanisa aje na kijana wake. Kila mmoja alete jembe au panga. Moto utakuwa umewashwa uani, na panga litapitishwa motoni kila tunapotoka shina moja kwenda jingine, kama bwana shamba alivyotuelekeza. Mama ameniambia kahawa ya kutafuna ipo.

Mchungaji wenu.