Asante, mama wa jikoni pale parokiani Iganga

Mama, jina lako silijui. Mahujaji tulikuwa wengi, nawe ulikuwa mmoja tu kwenye sufuria.

Tulitoka Busia kwa miguu kwenda Namugongo, tuwahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3. Kwa wasioijua njia hiyo ya Bugiri, Iganga, Jinja na Lugazi: mfuko wa hujaji hauwezi gesti kila usiku. Unalala parokiani, kwenye mkeka, darasani au ndani ya kanisa lenyewe, mabenchi yakiwa yamesogezwa kando. Waliotulisha ni wengi, Mungu awabariki wote.

Lakini wewe uliponiona nachechemea uliacha posho, yaani ugali, motoni (najua iliungua kidogo, tuliila), ukaniletea beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ukakataza mtu yeyote asinipasue malengelenge. Asubuhi ukanivisha ndala zako, tena mpya! Ndizo nilizovukia Nile pale Jinja, ndizo nilizokatizia msitu wa Mabira hadi Namugongo.

Mwakani nikijaliwa kupita tena, nakuletea majani ya chai ya Kericho. Webale inho, yaani asante sana kwa Kisoga, mama.