Pankeki za chachu: vipimo vya nchi za baridi vinatuharibia rojo Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nirekebishe jambo moja katika mapishi ya pankeki za chachu ya asili (unga na maji vilivyoachwa vichachuke vyenyewe), yale yanayozunguka kwenye simu na kunakiliwa huku na huko. Karibu yote yanasema hivi: jioni changanya kikombe cha chachu na unga na maziwa, funika, lala, asubuhi kaanga. Maelekezo hayo yameandikwa kwa jikoni lenye nyuzi 18 hadi 20 za sentigredi usiku. Nyumba ya bati Igoma au Nyakato, ambamo jiko la mkaa limetoka kuzimwa, huwa na nyuzi 25 au 27 hadi usiku mkubwa. Rojo linalohitaji saa 10 kuiva kwa nyuzi 20 huiva kwa saa 4 au 5 kwa nyuzi 27. Aliyekoroga saa nne usiku, rojo lake limefika juu kabisa saa tisa, yeye yumo usingizini. Akiamka analikuta limeshuka, limetenga maji na linanuka siki. Analaumu unga, anarudi kwenye hamira ya dukani, na chachu inamwagwa.

Ndani ya chachu wamo viumbe wa aina mbili. Kuna hamira ya asili, inayotoa gesi, na kuna bakteria wa asidi, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Mwanzoni wanakwenda pamoja. Chakula cha hamira kikipungua, gesi inapungua, lakini asidi inaendelea kujijenga na kulegeza ule utando wa ngano unaozuia gesi isitoke. Ndiyo maana rojo lililopitiliza huwa chachu mno na jepesi kama uji, na pankeki zake hulala bapa kwenye kikaango hata ukiongeza nini.

Dawa yake ni kupunguza mbegu, yaani chachu unayoanzia. Kwa familia ya watu wanne au watano, weka gramu 30 tu za chachu, yaani vijiko viwili vya chakula visivyojaa sana, badala ya kikombe kizima. Ongeza gramu 280 za unga wa ngano (vikombe viwili na robo vya mililita 250, bila kuushindilia) na mililita 280 za maji ya baridi, ambayo ni kikombe kimoja na vijiko viwili. Koroga hadi usione unga mkavu. Mabonge madogo yaache, yatayeyuka yenyewe. Ukifanya hivyo saa nne usiku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi rojo limejaa matundu na bado halijaanza kushuka. Miezi ya Juni na Julai, nyumba inapopoa alfajiri, panda hadi gramu 45. Kipindi cha joto kali kabla ya mvua za vuli, shuka hadi 20. Bakuli liwe na nafasi mara mbili ya rojo, la sivyo utafuta meza.

Usitie maziwa wala mayai usiku. Vitabu vya nje huweka maziwa usiku kwa sababu ya ule ubaridi wao. Kwetu maziwa kukaa saa nane nje ya jokofu ni kubahatisha na tumbo la mtoto. Maji yanatosha kwa kazi ya usiku. Maziwa na mayai yana nafasi yao asubuhi.

Kuhusu maji yenyewe: ya bomba yana klorini, na klorini ipo kwa ajili ya kuua vijidudu, wakiwemo hawa unaowafuga. Chachu iliyokomaa haitishiki sana, ila changa hudumaa. Yachemshe yapoe, au yaache kwenye sufuria wazi usiku mmoja.

Sasa mbegu. Wapo wanaoamini lazima iagizwe, kwa kuwa wamesikia habari za San Francisco, mji wa Marekani unaosifika kwa mkate wa chachu. Ni kweli kuna bakteria wa chachu aliyepewa jina la mji huo mwaka 1971, lakini baadaye amekutwa kwenye chachu za nchi nyingi. Mbegu inayotufaa iko tayari kwenye maganda ya nafaka, na aliyewahi kuchachusha uji au togwa anaifahamu harufu yake. Chukua gramu 50 za unga wa ulezi au mtama usiokobolewa na gramu 50 za maji, koroga kwenye chupa ya kioo, funika bila kukaza. Kifuniko kikikazwa, gesi itaipasua chupa. Kitambaa chepesi nacho kinafaa ikiwa kimefungwa kwa mpira, maana vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa jioni havina adabu.

Siku ya pili au ya tatu utaona povu jingi ghafla. Usishangilie. Hao ni bakteria wengine wanaotangulia kabla asidi haijawazidi nguvu, na harufu yao si nzuri. Kesho yake chupa inakuwa kimya kabisa, na hapo ndipo wengi wanaitupa wakidhani imekufa. Endelea. Kila siku bakiza gramu 30, mwaga nyingine, lisha kwa gramu 30 za unga wa ngano na gramu 30 za maji. Kati ya siku ya tano na ya nane itaanza kuumuka yenyewe hadi mara mbili kila ikilishwa, na kunukia kama mtindi. Ikishafika hapo, kwa joto letu kuilisha unga na maji kwa uzito sawa na wake ni kuitesa njaa. Weka gramu 20 za chachu, 60 za unga na 60 za maji, mara moja au mbili kwa siku. Ikitoa maji ya kijivu juu, au harufu kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ina njaa tu. Ilishe mara mbili tatu itarudi. Ikiwa na mstari wa waridi au wa chungwa, au manyoya ya ukungu, tupa yote na uichemshe chupa. Usikwangue juu ukaacha chini.

Unapopima kwa kijiko, koroga kwanza itoe hewa. Kikombe cha chachu iliyoumuka nusu yake ni upepo, na hapo ndipo vipimo vya vikombe vinapodanganya.

Asubuhi, kwenye lile rojo la usiku ongeza mayai mawili yaliyopigwa, vijiko viwili vya chakula vya sukari, viwili vya mafuta au siagi iliyoyeyushwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi na mililita 60 za maziwa. Rojo lishuke kutoka kwenye upawa kama utepe mzito. Likidondoka kwa mabonge ongeza maziwa kidogo kidogo. Kikaango kikiwa tayari kabisa, si kabla, koroga nusu kijiko cha chai cha bekingi soda kwenye kijiko kimoja cha maji, mimina, zungusha mwiko mara sita au saba, acha. Rojo litapanda mbele ya macho yako, kwa kuwa soda imekutana na asidi ya usiku na inatoa gesi papo hapo. Gesi hiyo haikusubiri. Ukienda kuamsha watoto na kuwatafutia soksi, ukirudi baada ya nusu saa umeshapoteza nusu ya kazi.

Watu huchanganya vitu vitatu hapa, wakidhani ni kimoja. Bekingi pauda ina asidi yake ndani, kwa hiyo itainua pankeki lakini haitapunguza uchachu kama soda. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage, ni makali zaidi na hayapimiki kwa uhakika. Yanatoa rangi ya njano na ladha ya sabuni. Hata bekingi soda yenyewe ukizidisha hadi kijiko kizima utapata sabuni ile ile, na pankeki zitakuwa nyeusi nje kabla hazijaiva ndani.

Mkaa usubiriwe hadi ufunikwe na jivu, kisha tandaza. Moto unaowaka miali unababua. Dondosha matone ya maji kikaangoni. Yakicheza na kukauka ndani ya sekunde mbili tatu, joto ni hilo. Mafuta ni ya kupangusa tu: choma nusu ya kitunguu kwa uma, chovya kwenye mafuta, pitisha. Ukimwaga mafuta kama unakaanga maandazi, kingo zitakauka na katikati patabaki unga. Mimina robo kikombe kwa kila pankeki. Utapata kati ya 12 na 14. Geuza pale matundu ya juu yanapopasuka na kubaki wazi na kingo zimepoteza mng'ao, dakika mbili hadi tatu. Upande wa pili dakika moja na nusu inatosha. Usiikandamize kwa mwiko. Sijui desturi hiyo ilitoka wapi, labda kwenye chapati, lakini pankeki ukiikandamiza unaitoa hewa uliyoisubiri usiku kucha.

Zikiwa ngumu kama mpira, ulikoroga mno baada ya kutia mayai. Zikibaki bichi katikati na nje zimeiva, punguza mkaa au ongeza maziwa kidogo. Na ukiamka ukute rojo limepitiliza, usilimwage: tia vijiko vinne vya unga mpya na yai la tatu, acha kuongeza maziwa, kisha soda kama kawaida. Hazitakuwa nene, ila zitalika.

Robo ya unga wa ngano inaweza kubadilishwa na mtama au ulezi. Ukizidi hapo zinakatika wakati wa kugeuza, maana nafaka hizo hazina ule utando wa ngano. Wanaopenda kuchanganya unga wa muhogo watumie wa udaga (muhogo uliochachushwa na kukaushwa) au mwingine uliosindikwa sawasawa. Usiku mmoja wa chachu si mbadala wa kuloweka na kukausha muhogo mchungu. Sumu yake haiondoki hivyo.

Faida kubwa ya pankeki hizi kwa nyumba zetu ni kwamba hazidai oveni. Wachimba dhahabu waliokimbilia Klondike huko Kanada mwaka 1897 na 1898 walitembea na chachu yao, unga na kikaango, na wakongwe wao wakaishia kuitwa kwa jina la chachu hiyo. Mchimbaji wa Geita mwenye mafiga matatu hajapungukiwa na kitu walichokuwa nacho.

Asali na ndizi mbivu zinakwenda nazo vizuri. Lakini acha sukari, tia kitunguu na hoho zilizokatwa ndogo, ule na dagaa wa kukaanga, kisha uniambie kama bado unatafuta sharubati ya dukani.

Asiyekaanga kila siku aweke chachu kwenye jokofu na kuilisha mara moja kwa wiki. Asiye na jokofu aikaushe: pakaza nyembamba kwenye nailoni safi, anika kivulini penye upepo na si juani, kwani sahani ya bati kwenye jua la saa saba inaweza kuiua hamira. Ikikatika kama karatasi, ivunje uihifadhi kwenye chupa kavu. Hukaa miezi kadhaa. Kuiamsha, loweka kijiko kimoja kwa vijiko viwili vya maji, lisha unga kiasi hicho hicho siku mbili au tatu mfululizo, na usiipeleke kwenye rojo mpaka uione inaumuka mara mbili.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza