Seva ilipiga kelele usiku kucha, nani aliamka?

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti hili tangu nikiwa kijana wa kuvuta nyaya za simu, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ile habari yenu ya chama cha akiba na mikopo kilichoibiwa fedha za wanachama. Kiongozi wao alisema wadukuzi waliingia kimyakimya na mfumo haukubaini chochote. Mwandishi wenu akalipokea neno hilo kama alivyopewa, akalipandisha hadi kwenye kichwa cha habari. Huu ni mwaka wangu wa 14 nikihudumia seva, yaani kompyuta kuu zinazotunza kumbukumbu, za vyama vya namna hiyo, na neno hilo nimelisikia mara nyingi mno. Mfumo mara nyingi hubaini. Hubaini, huandika, hutuma arifa usiku kucha mpaka kunakucha. Anayekosekana ni msomaji.

Kwa wasioijua kazi hii, kila seva ina daftari lake. Mtu akiingia huandikwa, akikosea nywila huandikwa, pamoja na saa na anwani ya kompyuta aliyotokea. Kwa siku moja daftari hilo hujaa maelfu ya mistari, na hakuna binadamu wa kuyamaliza. Ndiyo maana tunaweka programu ya kukesha. Haina dirisha wala kitufe, huioni kwenye kioo, lakini iko chinichini inasoma kila mstari unapoandikwa na kutafuta dalili za mvamizi. Ipo Fail2ban, ambayo kama hukuibadilisha, anwani ikikosea nywila mara tano ndani ya dakika kumi huifungia mlango kwa muda. Ipo OSSEC, ambayo hupanga matukio kwa ngazi zinazofika 15, na kuanzia ngazi ya 7 hutuma barua pepe kwa mhusika. Zote mbili ni za bure. Nywila ikikosewa mara moja ni jambo la kawaida, kila mtu hukosea. Lakini ikikosewa mara nyingi na kisha ikapatikana, OSSEC huipa ngazi ya 12, kwa sababu hapo kuna mtu amekaa mlangoni anajaribu funguo moja baada ya nyingine mpaka moja imekubali.

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga programu hiyo katika chama kimoja cha wakulima na wafanyabiashara wadogo, sitakitaja. Barua pepe za arifa nilizielekeza kwa afisa TEHAMA wao, kijana makini sana. Baada ya mwaka kijana akapata kazi kwingine, akaondoka. Nilimwandikia meneja barua, kwa karatasi na kwa mhuri, nikimwomba anipe jina la mtu mwingine wa kupokea arifa. Akaniambia, "Fundi, hizo si meseji za kompyuta tu? Zitatujazia sanduku." Nikaandika tena. Sikujibiwa.

Siku niliyoitwa, fedha zilikuwa zimeshatoka usiku wa siku nne mfululizo. Mtu alikuwa ameingia kwa jina la karani aliyeacha kazi zamani, jina ambalo hakuna aliyejisumbua kulifuta, akabadilisha namba za simu za wanachama 11, kisha akawa anatoa akiba zao kidogokidogo kwa simu. Meneja alinipokea kwa maneno yaleyale ya gazeti lenu: mfumo wako umetuangusha, haukuona kitu. Nikaomba tufungue sanduku la yule kijana aliyeondoka. Mhariri, natamani ungekuwa pale. Arifa zilikuwa zimepangana kama magunia ghalani. Ngazi ya 10, ngazi ya 10, ngazi ya 10, na saa nane na dakika saba za usiku wa kwanza, ngazi ya 12. Usiku wa pili ipo. Usiku wa tatu sanduku likajaa, arifa zikaanza kurudi kwa mtumaji, yaani kwa seva ileile, nayo ikaziandika kwenye daftari lake kwamba zimekataliwa. Ile programu ilifanya kila ilichofundishwa kufanya. Haikusinzia, haikwenda kunywa chai, haikudai posho ya usiku. Pale mlangoni, mita kumi kutoka kwenye seva, alikaa mlinzi wa kampuni mwenye rungu na tochi, na kila asubuhi meneja huyohuyo alikifungua kitabu chake cha zamu na kusaini: usiku umepita salama, mbwa wawili wameingia uwanjani wakafukuzwa. Mbwa walisomwa wakasainiwa. Mwizi aliyeandikwa kwa saa, dakika na sekunde hakuwa na wa kumsoma! Na kwenye ukumbi alikuwa amekaa mama mmoja muuza ndizi, kitabu chake cha akiba kimeviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni ili kisilowe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza polepole: "Mwanangu, si mlituambia kompyuta hailali?" Hailali, mama. Nilishindwa kumweleza yaliyobaki. Zilikuwa ada za mjukuu wake.

Na hapa niseme jambo jingine, maana linaniuma vilevile. Tulipofika kituoni kuandikisha, nilikuwa na karatasi zangu mkononi. Askari wa zamu alizisoma kwa makini, akaniuliza: "Fundi, mlinzi anasema ilikuwa usiku wa kuamkia Jumanne, saa nane. Karatasi yako inasema Jumatatu, 23:07. Tushike lipi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Seva ile iliachwa kwenye saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, kama ilivyotoka dukani, na sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo saa nane na dakika saba usiku wa kwetu kwake ni jana yake, 23:07, ambayo kwa kuhesabu kwetu ni saa tano na dakika saba. Nilimchorea askari saa mbili kwenye kipande cha karatasi ndipo akanielewa. Je, wakili wa mwizi angekubali kuchorewa? Kuweka saa ya Afrika Mashariki ni amri ya mstari mmoja. Nimekagua seva nyingi tangu wakati huo, na nyingine saa zake zinapishana na saa ya ukutani kwa dakika arobaini, wala si kwa saa tatu kamili, na hakuna anayejali mpaka siku ya kesi.

Wapo watakaosema hayo ni matatizo yetu sisi wa mikoani. Mwaka 2013 Target, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilikuwa na programu ya ulinzi ya gharama kubwa. Ilitoa onyo tarehe 30 Novemba, ikatoa tena tarehe 2 Desemba. Watu wa zamu waliokuwa Bangalore, India, waliliona, wakalipeleka makao makuu Minneapolis. Makao makuu hayakuchukua hatua, na kadi za benki milioni 40 zikaibwa. Februari 2016, Benki Kuu ya Bangladesh ilikuwa na printa iliyokuwa ikichapa yenyewe taarifa za malipo. Asubuhi moja ilikutwa haijachapa kitu, watu wakadhani ni ubovu wa kila siku. Kumbe wezi ndio walioinyamazisha, na dola milioni 81 zilikuwa zimeshaondoka. Kwa hiyo hata ukimya ni wa kuulizwa. Na aliyeuliza alifika mbali: mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley kule California, msimamizi wa kompyuta, Clifford Stoll, alikuta hesabu za matumizi ya kompyuta zinapishana kwa senti 75 tu. Hakuzipuuza. Alifunga printa kwenye laini za kuingilia ili kila alichoandika mgeni aliyejipenyeza kichapwe, akamfuata hadi Ujerumani Magharibi, na ikabainika kwamba siri zilikuwa zinauzwa kwa KGB, shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti.

Najua kero ya kelele ni ya kweli. Programu isiyopangwa vizuri hutuma arifa mia tatu kwa siku, na mia mbili na tisini ni za kazi ya kunakili kumbukumbu za seva kwa tahadhari, inayojiendesha kila saa saba usiku. Kuzichuja ni kazi ya wiki mbili tatu za kukaa na mfumo na kuujua. Vyama hulipia kufunga, havilipii kuchuja, halafu hushangaa kwamba watu wamezizoea arifa kama kelele za mashine ya kusaga.

Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili wala semina ya siku tatu hotelini. Seva ichape karatasi moja kila alfajiri, arifa za ngazi ya 7 kwenda juu tu, kwa saa za kwetu. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya kitabu kilekile cha mlinzi wa getini, ukurasa wa tarehe ileile. Meneja asaini vyote viwili kabla ya saa tatu asubuhi. Kama usiku hapakuwa na arifa, karatasi itoke hivyohivyo ikiwa na mstari mmoja kwamba programu iko hai na saa iliyojikagua mara ya mwisho. Isipotoka, fundi apigiwe simu asubuhi hiyohiyo, si Ijumaa. Nakala ya arifa za ngazi ya 12 iende kwenye simu za watu wawili, na mmoja wao awe mwenyekiti wa kamati ya usimamizi, maana huyo amechaguliwa na wanachama. Mfanyakazi akiacha kazi, jina lake lifutwe kwenye seva siku anayorudisha funguo za ofisi. Na mkaguzi anapokuja kukagua hesabu, aombe kitabu hicho kabla ya leja.

Kwa mwandishi wenu nina ombi moja. Najua atarudi pale, maana habari ile haijaisha. Asiridhike kuambiwa mfumo haukubaini. Aombe aonyeshwe daftari la seva la usiku ule, aulize arifa zilikuwa zinakwenda kwa nani, na mtu huyo aliacha kazi lini.

Fundi wa seva,
Moshi