Kuosha Simtanki Hakuondoi Floraidi

Hivi karibuni sisi waosha matanki tuliitwa huko Moshono na mama mmoja ambaye simtanki lake la lita 2,000 lilikuwa limekaa juu ya mnara wa matofali kwa miaka minne bila kuoshwa. Mfuniko ulikuwa umepasuka, na kijana wetu alipochungulia kwa tochi aliona tope laini lenye kina cha vidole vitatu, na vyura wawili wazima kabisa. Mama aliziba mdomo kwa khanga, akacheka, kisha akauliza swali tunaloulizwa mara kwa mara hapa Arusha: "Kwa hiyo mkishaliosha, meno ya watoto hayatakuwa tena ya kahawia?"

Jibu ni hapana, na ni haki ya mteja kulijua kabla hajatulipa.

Rangi ile husababishwa na floraidi, madini ambayo maji huyabeba kutoka kwenye miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, lakini viko visima na chemchemi za upande huu zinazozidi kiwango hicho mara kadhaa. Floraidi haionekani wala hainuki, na hulidhuru jino lingali likijengeka ndani ya fizi, ndiyo maana wanaoathirika zaidi ni watoto walio chini ya umri wa takribani miaka minane. Klorini haiigusi. Kuchemsha nako hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke ilhali floraidi yote hubaki sufuriani. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kimelifanyia kazi kwa miaka mingi, ingawa mkaa wake huchoka na lazima ubadilishwe. Au kutafuta chanzo kingine cha maji ya kunywa na kupikia, hasa mvua. Sisi hatuuzi chochote kati ya hivyo. Tunachoshauri ni kupeleka sampuli maabara kwanza, kabla ya kununua kifaa chochote.

Kazi yetu ni tope. Bomba la kutolea maji hufungwa juu kidogo ya sakafu ya tanki, hivyo uchafu unaoingia haupati njia ya kutoka. Hutulia pale mpaka siku boza linapomimina maji kwa nguvu, nawe ukaona birika limebadilika rangi. Tope hilo pia huimaliza klorini iliyokuja na maji, hata maji yaliyofika salama yakawa hayana kinga tena yanapofika jikoni.

Tunapokuja, tunaomba maji yawe yametumika karibu yote, na yaliyobaki tunayaweka kwenye ndoo kwa ajili ya choo. Tunasugua kwa brashi na maji matupu, kwa sababu sabuni huacha povu lisilokwisha upesi, kisha tunalijaza tanki na kutia klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 5, lita moja kwa kila lita 1,000 za maji, na kuiacha mpaka kesho yake asubuhi. Maji hayo hayanywewi, na tafadhali yasimwagwe kwenye migomba. Koki zote za nyumbani hufunguliwa mpaka harufu ya klorini isikike, ili na mabomba nayo yasafishike. Hatumruhusu kijana kuingia ndani ya tanki akiwa peke yake, kwa hiyo usishangae ukiona tumekuja wawili kwa tanki dogo.

Kwa yule mama tulibadilisha mfuniko na kufunga wavu kwenye bomba la kumwagia maji yanayozidi, maana inawezekana vyura waliingilia huko pia. Naye alinunua pipa lenye mfuniko, akaliweka chini ya mfereji wa bati, na sasa huacha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kuanza kukinga maji ya uji wa watoto.