Kabla hujalipia vipuri vya kompyuta ya nyumbani, tupitie orodha yako

Orodha nyingi tunazoletewa na wateja wanaotaka kujiundia kompyuta zina kasoro inayofanana. Fedha zimemalizikia kwenye prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta), na vipuri vingine vimegawana masalio. Unakuta prosesa ya kiwango cha juu kabisa, halafu kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya kazi) cha gigabaiti 8, SSD ndogo (diski ya kuhifadhia mafaili) isiyojulikana imetengenezwa na nani, na pawa saplai (kipuri cha kugawa umeme) iliyokuja pamoja na keisi. Ukimuuliza mwenyewe kompyuta ni ya kazi gani, anasema: kuandika ripoti, barua pepe, watoto wafanyie kazi za shule, mikutano ya video, mahesabu ya biashara, na filamu jioni.

Kwa kazi hizo ushauri wetu hauyumbi: shusha prosesa ngazi moja au mbili, na kinachookolewa kipeleke kwenye RAM, SSD na pawa saplai. Huko ndiko utakakouona wepesi wa kompyuta kila unapoiwasha, na huko ndiko inakoamuliwa itadumu miaka mingapi.

Kama una kompyuta yoyote ya Windows karibu, jaribu jambo hili. Fungua vitu vyote unavyotumia siku ya kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha linaloonyesha prosesa, kumbukumbu na diski zimeelemewa kiasi gani. Kompyuta inapoganda katika matumizi ya kawaida, mara nyingi utakuta prosesa imetulia ilhali kumbukumbu imejaa au diski imefika asilimia 100. Ukimnunulia mwenye kompyuta hiyo prosesa ya bei mara mbili, kompyuta itaendelea kuganda vilevile.

Prosesa: soma herufi ya mwisho

Prosesa yenye viini (cores) 4 hadi 6 inatosha na kubaki. Upande wa Intel, Core i3 au i5 ya vizazi vya karibuni; upande wa AMD, Ryzen 5. Ubishi wa kampuni ipi ni bora hauna uzito kwa matumizi haya. Chenye uzito ni ile herufi inayofuata namba, kwa sababu ndiyo inayowaliza watu.

Core i5-12400 na Core i5-12400F zinakaribiana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: yenye F haina grafiki ndani yake. Bei yake huwa chini kidogo, na mtu huiona ni nafuu. Akishaunganisha, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini inabaki nyeusi. Hakuna kilichoharibika, hakuna tu kinachotengeneza picha. Italazimu anunue kadi ya grafiki, na ile nafuu itakuwa imegeuka hasara. Kwa AMD mambo yanakwenda kwa namna nyingine: Ryzen 5 5600 haina grafiki, 5600G inayo, Ryzen 5 7600 inayo, 7500F haina. Kwa hiyo usikisie kwa jina. Fungua ukurasa wa prosesa hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama imeandikwa kwamba ina grafiki.

Kadi ya grafiki ya peke yake ni ya wanaocheza michezo mizito, wanaohariri video kama kazi, au wanaotengeneza michoro ya pande tatu. Grafiki ya ndani ya prosesa inaonyesha filamu na kuendesha skrini mbili bila shida. Kitu kidogo cha kuangalia ni video za mfumo wa AV1, ambao YouTube inautumia sana siku hizi. Grafiki ya Core i5-12400 na ya Ryzen 5 7600 zinaufungua zenyewe, lakini ya 5600G haiwezi, hivyo prosesa ndiyo hubeba kazi hiyo. Video itacheza, ila prosesa itachemka zaidi.

Ubao mama na RAM huchaguliwa pamoja

Ubao mama, yaani madabodi, ndio unaoamua nini kitaingia na nini kitakataa. Kila prosesa ina soketi yake, yaani kikalio inamoingia kwenye ubao. Ryzen za soketi ya AM4 zinatumia RAM ya kizazi cha DDR4. AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022, inakubali DDR5 pekee. LGA1700 ya Intel ndiyo inayowachanganya wengi, maana kuna mbao zake za DDR4 na kuna za DDR5, na majina yake yanaweza kutofautiana kwa herufi chache tu. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 na urefu ni ule ule, lakini kile kipengo cha chini hakiko mahali pamoja. Kijiti kikigoma kuingia, usikilazimishe kwa dole gumba. Kitoe ukilinganishe na sloti.

Hata soketi ikiwa sawa, bado ubao unaweza usiitambue prosesa mpya kama BIOS yake (programu ya ndani ya ubao inayouwasha) ni ya zamani. Kila mtengenezaji wa mbao huweka kwenye tovuti yake orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na mbele ya kila prosesa huandika toleo la BIOS linalohitajika. Isome orodha hiyo kabla ya kulipa. Baadhi ya mbao zina kitufe nyuma kinachowezesha kusasisha BIOS kwa flashi bila hata kuweka prosesa, na sisi tunazipenda mbao hizo kwa wateja wanaounda wenyewe.

Mbao za bei ya juu zenye Z au X mwanzoni mwa jina la chipu ya ubao (chipset) ni za watu wanaotaka kuisukuma prosesa ipite kasi yake ya kawaida. Wewe chukua B, au H, au A. Hakikisha una tundu la HDMI au DisplayPort linalolingana na skrini yako, una angalau sloti moja ya M.2 ya kuchomekea SSD, na kama nyumbani unatumia Waifai, ubao uwe nayo tayari. Si mbao zote zinayo, na wengi hugundua siku ya kuwasha.

RAM iwe gigabaiti 16, na iwe vijiti viwili vya 8, si kimoja cha 16. Prosesa husoma vijiti viwili kwa wakati mmoja, njia inakuwa pana maradufu. Kwako wewe usiye na kadi ya grafiki jambo hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake yenyewe; inakopa hiyo hiyo RAM. Ubao ukiwa na sloti nne, vijiti viwili kwa kawaida huwekwa kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha ubao kitakuthibitishia.

Utasikia kwamba Windows 11 inahitaji gigabaiti 4 tu. Hicho ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuisakinisha. Kufanya kazi nayo ukiwa na mkutano wa video na kurasa kadhaa zilizofunguliwa ni habari nyingine kabisa.

SSD

Mfumo endeshi ukae kwenye SSD, hili halina mjadala. Hadi diski (hard disk, ile diski ya zamani) inazungusha sahani, na kila faili inalotafuta linagharimu milisekunde kadhaa za kusubiri kichwa kifike mahali pake, yaani takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. SSD haina cha kuzungusha. SSD ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde, ya NVMe (njia mpya) inayopita PCIe 3.0 hufika 3,500, na ya PCIe 4.0 hukaribia 7,000. Namba hizo zinavutia, lakini katika kufungua barua na kurasa za mtandao, kutoka hadi diski kwenda SSD yoyote ni mabadiliko utakayoyaona siku ya kwanza, ilhali kutoka 3.0 kwenda 4.0 huenda usiyahisi. Ni afadhali gigabaiti 500 za kampuni inayoeleweka kuliko terabaiti nzima ya jina ambalo halina hata tovuti. Angalia pia kwamba sloti ya M.2 ya ubao wako inakubali aina uliyonunua, kwa sababu M.2 ni umbo tu. Ndani yake kuna za SATA na kuna za NVMe.

Pawa saplai ndiyo tunayoigombania zaidi

Wateja wanatuona wakali hapa, na tutaendelea kuwa hivyo. Kipuri hiki ndicho pekee kinachogusana na umeme wa ukutani, na kikiharibika vibaya kinaweza kuondoka na ubao, RAM na SSD yenye picha za familia.

Tatizo si wingi wa wati. Kompyuta ya kawaida yenye prosesa ya wati 65 na isiyo na kadi ya grafiki haifiki wati 150 hata ikifanyishwa kazi ngumu. Pawa saplai ya wati 450 inabaki na nafasi kubwa. Tatizo ni kwamba namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi haisemi umeme huo uko wapi. Igeuze, usome kibandiko cha pembeni. Utaona jedwali lenye +3.3V, +5V na +12V. Prosesa ya leo inakula kutoka +12V. Chukua ampea zilizoandikwa chini ya +12V uzidishe kwa 12. Kibandiko kikisema wati 500 lakini +12V ina ampea 18, hesabu ni 216. Hizo ndizo wati zinazokufaa; nyingine ziko kwenye njia ambazo kompyuta ya kisasa haizitumii sana. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 itakuwa na +12V inayokaribia kiwango chake chote.

Nembo ya 80 PLUS ni nzuri kuwa nayo, ila ijue kazi yake. Inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto. Yenye daraja la Bronze, ikifanya kazi nusu ya uwezo wake, hupeleka kwenye vipuri angalau asilimia 85 ya umeme inaouvuta. Haisemi chochote kuhusu kinga. Kinga za umeme kuzidi, mkondo kuzidi na nyaya kugusana zinapaswa kutajwa zenyewe na mtengenezaji. Dhamana ya miaka mitano au zaidi nayo ni dalili njema.

Mambo mawili ya usalama. Pawa saplai nyingine, hasa za zamani, zina swichi ndogo nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukutani kuna 230, italipuka pale pale utakapowasha. La pili, zile ambazo nyaya zake huchomolewa: usichukue waya wa pawa saplai moja ukaupachika kwenye nyingine, hata kama kichwa kinaingia. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haufanani kati ya kampuni na kampuni, na SSD inaweza kuungua mara moja.

Keisi chagua unayoipenda, mradi mbele yake iwe na matundu ya hewa badala ya kioo kitupu, na ubao wako uenee. Micro-ATX ya kawaida ni milimita 244 kwa 244.

Vipuri vilivyotumika

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo prosesa ya zamani si nafuu tena kama haikubali Windows 11. Kwa Intel anzia kizazi cha 8, kwa AMD anzia Ryzen 2000. Windows 11 ikikataa kwa kudai TPM 2.0 (kipengele cha usalama inachokihitaji), kwanza ingia BIOS. Mara nyingi TPM ipo, imezimwa tu. Jina lake kwenye mbao za Intel ni PTT, na kwenye za AMD ni fTPM.

Prosesa iliyotumika hatuiogopi, kwani ni nadra kufa. RAM iliyotumika pia, ukishaipima. SSD iliyotumika hatuishauri. Pawa saplai iliyotumika usiniletee, hata ukiwa umepewa bure.

Siku ya kuwasha

Toa karatasi ya plastiki chini ya kipoza kabla ya kukikandamiza juu ya prosesa. Chomeka waya wa pini nane ulio karibu na prosesa, si ule mkubwa wa pini 24 peke yake. Na kama RAM ni DDR5, mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku ubao ukiipima RAM. Simu nyingi tunazopigiwa kwa hofu hutoka ndani ya dakika hizo. Usizime. Subiri robo saa kamili ndipo uanze kutafuta kosa.

Ukitaka tuipitie orodha yako, tutumie majina kamili ya vipuri pamoja na herufi zote za mwisho, kazi unazotegemea kufanya, aina ya tundu lililo nyuma ya skrini yako, na kama nyumbani ni waya au Waifai. Tutakujibu nini kibaki, nini kibadilishwe na kwa sababu gani, hata kama vipuri utanunua kwingine. Kama pawa saplai unayo tayari, piga picha ya kibandiko chake upande wenye safu ya +12V, uiambatanishe.