Vibao Ubungo vianzie Kimara

Ndugu Mhariri,

Daraja la Kijazi pale Ubungo, lililozinduliwa Februari 2021, limetupunguzia foleni kubwa kwenye makutano ya barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma. Tunashukuru sana. Lakini dereva wa lori anayetoka Tunduma na mzigo wa bandarini anahitaji kujua mapema ashike njia ipi. Akichelewa kuhama, anafunga breki ghafla au anakata mbele ya bodaboda. Nimeliona hilo mara nyingi na linaniuma, maana ni roho za watu.

Naomba vibao vikubwa vya juu vianzie Kimara, na mishale ya barabarani ipakwe rangi kila inapofifia. Tena vibao viandikwe "Bandarini", si "Mandela" pekee. Mgeni anaijua bandari.

Msomaji, Dar es Salaam